Karafuu Imesingiziwa

Daktari alinieleza bila kunificha: uchovu sugu hauonekani kwenye damu wala kwenye eksirei. Hutambuliwa kwa dalili zake zikidumu miezi 6 au zaidi, na dawa ya kuuondoa haijapatikana. Kumwambia hivyo mtu wa Unguja ni kumtuma sokoni Darajani. Nilirudi na tangawizi, manjano, karafuu, kungumanga na daftari la matokeo.

Nilitaka nifanye kama watafiti: mlaji asijue anachokula, matumaini yasije yakajifanya dawa. Mke wangu akawa anasaga kimyakimya na kutia kwenye uji. Lakini nani amewahi kuificha karafuu? Kijiko cha kwanza tu, ulimi ukafa ganzi. Hiyo ni kazi ya yujenoli iliyomo ndani yake, ndiyo maana wenye maumivu ya meno huikimbilia. Mtoto aliyekuwa akipita dirishani akauliza kama leo tunapika pilau. Siri ikaishia hapo.

Manjano yalikuja na elimu zaidi. Kurkumini iliyomo humo mwili huipokea kwa shida, ila utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa ikiambatana na piperini ya pilipili manga, inayofika kwenye damu huongezeka kwa asilimia 2,000. Basi nikaongeza pilipili manga kwa mkono wa ukarimu. Chafya ilinikuta na kikombe mkononi. Kanzu yangu ya Ijumaa ilipoanikwa, jirani, mama mtu mzima, aliitazama akapaza sauti: “Mwanangu, nani anasingwa humo ndani? Mbona harusi hatukualikwa?”

Kungumanga nilionja chembe tu, maana ikizidi ni sumu, nikalala mpaka adhuhuri. Nikaandika: “Usingizi mzuri.” Mke wangu akaandika chini yake: “Kama jana.”

Tatizo la maradhi haya ni kwamba yanakopesha. Leo unajisikia mzima, unafanya kazi, deni linakuja kudaiwa kesho au keshokutwa, likiwa na riba. Asubuhi ya tangawizi niliamka kijana. Nikafua mapazia yote, nikahamisha kabati, nikapanda darini kutafuta kitu ambacho sikumbuki ni nini. Kesho yake ikawa zamu ya karafuu, na kikombe kikanishinda kukiinua. Nikaandika kwa mwandiko wa kutambaa: “Tangawizi: nzuri sana. Karafuu: hatari, isirudiwe.”

Mke wangu alilisoma daftari lote akiwa amesimama. Hakusema neno. Alichukua rula, akachora safu mpya pembeni, akaiandika juu: “Kazi alizofanya jana.”

Karafuu imerudi kwenye pilau. Mapazia sasa anayafua kijana wa nyumba ya pili, kwa malipo. Tangawizi mimi bado naitetea.