Maandalizi ya Kupiga Kambi Magamba

Maandalizi ya kupiga kambi katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, juu ya Lushoto, yana mambo manne: majira, usafiri, mavazi na chakula. Vikao vya watu wa Tanga hujadili la nne kwa majuma mawili, matatu ya kwanza humalizwa kwa neno moja: “Tutajua hukohuko.”

Majira ndiyo msingi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za Usambara huteleza na ukungu hushuka mchana kweupe. Kwa hiyo kikao huchagua Julai, maana mvua ni haba. Kwamba Julai ni katika miezi ya baridi kali, hilo halimo kwenye muhtasari. Wala haimo ada ya kuingia na ya kulala inayotozwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hukumbukwa bajeti ikishamalizwa na nazi.

Usafiri hauna siri. Basi hupita Muheza na Korogwe hadi Mombo, kisha hupanda kona kwa kona kiasi cha kilomita 33 hadi Lushoto. Mpaka Mombo abiria huimba. Kona ya tano nyimbo hukatika na mfuko wa kutapikia huanza kutafutwa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na ule mbadala wa kitambaa hauzuii maji. Hapo mwenye kindoo chenye kifuniko hupata heshima ambayo hakuwahi kuipata kikaoni.

Mavazi yanahitaji hesabu ndogo. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 za kupanda. Lushoto iko karibu meta 1,400, na vilele vya Magamba vinavuka meta 2,000. Wakati wa utawala wao Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakaukimbilia kutafuta ubaridi. Msafiri wa leo huufuata ubaridi uleule kwa fulana, kandambili na kikoi. Usiku kikoi huvaliwa kichwani, soksi mikononi, na hema la watu wawili hulaza watano bila yeyote kulalamikia msongamano.

Chakula, kwa upande wake, hakipungui: mchele, nazi, mbuzi ya kukunia, sufuria la shughuli na maharage makavu. Mpagazi wa Kisambaa huuinua mzigo, kisha huuliza kwa adabu harusi ni ya nani. Kwenye meta 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yaliyotelekwa alasiri bado hugonga sufuria saa tatu usiku. Giza limekwishaingia, na tochi imo chini kabisa ya mzigo. Wakati huohuo perere, mnyama wa ukubwa wa sungura, hupiga ukelele wa kuogofya kutoka mitini. Mpishi huingia hemani na upawa wake, na chakula cha jioni huwa biskuti.

Asubuhi kambi huvunjwa, na taka zote hushuka na wenyewe. Maharage yaliyolowa usiku kucha ni mazito kuliko makavu. Hubebeshwa mweka hazina, kwa kuwa risiti ina jina lake.