Sifa za Kitufe Kilichojificha

Wengine na waisifu asali ya Tabora. Mimi nakisifu kitufe cha "Wasilisha", kile kinachokaa mwisho wa fomu ya mtandaoni, ambacho kwenye simu ya shemeji kinang'aa kijani kizima na kwenye yangu kimezama chini ya ukingo wa kioo kama mwari aliyewekwa ndani.

Kina haya. Kinabana matumizi, maana fomu isiyotumwa haidaiwi ada. Kinafunza subira: Livingstone alingoja wapagazi pale Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872, naye hakuwa na bando la saa 24.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba kimefufua msafara. Vijana wanadhani misafara ilikwisha reli ilipofika hapa Tabora mwaka 1912. Waje wanione na fomu yangu. Kambi ya kwanza ni nyumbani, Cheyo: majina matatu yanaingia vizuri, kalenda ya tarehe ya kuzaliwa inagoma kufunguka. Nikajitwisha mzigo hadi kwa shemeji, Isevya. Kwake kalenda inafunguka, picha haipandi. Kiduara kinazunguka tu. Gongoni kwa mwalimu picha inapanda, kitufe kinachungulia nusu, ukikigusa unagusa tangazo. Na kila kambi mzigo hufunguliwa upya, kwa sababu fomu haikumbuki chochote: majina matatu toka mwanzo, jina la kijiji, jina la mama.

Hongo nayo ipo, kama zamani watemi walipotoza nguo na shanga kwa kupitisha watu, kabla neno hilo halijawa jina la rushwa. Shemeji nilimlipa soda mbili, mwalimu bando. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, Novemba wakaingia Kazeh, Tabora hii hii. Wao walifika! Fomu yangu wiki ya pili ilikuwa bado Gongoni.

Nikapiga simu kwenye ofisi yenye fomu. "Mzee, tatizo ni simu yako."

Simu yangu? Simu inayopokea pesa, inayosoma magazeti, inayonionyesha wajukuu walioko Mwanza? Nikamwendea kijana mmoja anayetengeneza tovuti, akaitazama dakika mbili tu. Aliyeunda ukurasa, akasema, ameuagiza ujaze kimo chote cha kioo, kwa kipimo kiitwacho vh. Vivinjari vingi vya simu hupima kimo hicho kana kwamba utepe wa anwani haupo. Utepe ukiwepo, sehemu ya chini inabaki nje, na kama ukurasa umezuiwa kusogea, kitufe ndiyo kimekwenda. Tangu 2022 vivinjari vikubwa vinaelewa dvh, kimo halisi cha wakati ule. Herufi moja imeongezwa. Kwa simu kuukuu unauacha mstari wa zamani juu yake. Au unakiacha kitufe kikae chini ya maandishi, mtu akivute mwenyewe kwa kidole, kama kurasa zilivyokuwa siku zote. Waliijaribu kwenye simu ipi hii fomu? Ya bosi, bila shaka, mpya, yenye kioo kama sinia. Huyo ni seremala anayepima mlango kwa kichwa chake, mgeni akijigonga anaambiwa amerefuka mno.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Msafara uliishia steshenari, jirani na stendi. Nilikuta foleni ya watu kumi na mbili, kila mmoja na simu janja mkononi. Binti wa kompyuta akanipokea kwa heshima zote: "Shikamoo baba. Namba ya kitambulisho na elfu mbili." Nikamsimamia nyuma ya kiti. Kitufe kilikuwepo, kipana, hakina hata chembe ya haya. Akakibonyeza bila kukitazama.

Nikamuuliza kama hajawaambia wenye fomu kwamba kwenye simu hakionekani.

Akacheka. "Kikianza kuonekana huko, baba, mimi nitakula wapi?"