Namna ya Kupata Grafu Safi Bila Kuunguza Hata Transista Moja

Umepewa kazi ya kubuni inveta ya kuendesha mota ya kilowati 7.5 ya mashine ya kusaga, na wiki ijayo unasimama mbele ya jopo. Usihangaike na lehemu wala waya. Kompyuta unayo, programu ya kuigiza saketi imo, na mimi nipo.

1. Chagua umeme wenye adabu. Ukichukua volti 400 za gridi ukazipitisha kwenye daiodi na kapasita, utapata kama volti 565 za DC, lakini zina mawimbi, na hushuka jioni mtaa mzima unapowasha pasi. Ya nini yote hayo? Weka betri ya volti 565. Haichoki.

2. Hapa tulia kidogo, maana ndipo penye utamu. Katika inveta ya kweli transista mbili za mguu mmoja hukaa kati ya chanya na hasi. Zikiwaka pamoja, hata kufumba na kufumbua, utasikia mlio na karakana itanuka. Ndiyo maana mafundi huacha mwanya wa mikrosekunde 2 hivi, zote mbili zikiwa zimezimwa. Wewe usiache. Kwa swichi inayopiga mara 10,000 kwa sekunde, mwanya huo hula takribani volti 11. Mota ikienda polepole, inapohitaji volti chache tu, mkondo huanza kukunjamana kila unapokaribia sifuri. Jopo halipendi makunyanzi. Transista za kwenye programu huwaka na kuzima papo hapo, wala hazipati joto. Zipende.

3. Hatua ya kukokotoa iwe mikrosekunde 50. Mzunguko wa swichi yako ni mikrosekunde 100, kwa hiyo kila mguu utajua mambo matatu tu: kuwaka muda wote, kuwaka nusu, au kulala. Grafu ikitoka na meno, hamia modeli ya wastani. Humo swichi hazimo kabisa, na meno huondoka nazo. Akiuliza mtu kwa nini hukutumia mikrosekunde 1, laumu kompyuta ya idara.

4. Vipimo vya mota chukua vilivyomo kwenye programu. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 100, ukinzani wake huongezeka kwa asilimia 31 hivi. Ya kwako itasaga mahindi kutwa ikiwa kwenye nyuzi 20.

5. Waya mrefu unaoweza kufanya volti zikaribie kuwa maradufu kwenye mota? Mota yako imegusana na inveta. Tuendelee.

6. Kata nusu sekunde ya mwanzo ya grafu, ile yenye fujo. Chini yake andika: “Matokeo yanakubaliana na nadharia.” Yatakataaje, na nadharia ndiyo uliyoingiza?

7. Profesa akisema sasa kijengwe kifaa chenyewe, msifu mwenzako kwa mikono yake mizuri, mpendekeze yeye, na siku ya kuwasha simama karibu na mlango.