Kilele cha Ujamaa kwa Viatu vya Kuazima

Muuza mitumba aliyeniuzia zile buti alizigonga mezani, ngo, ngo, ngo, kisha akaniapia: "Mjomba, hizi ndizo zitakazokuzika." Nikalipa, nikazisukumia chini ya kitanda nyumbani Tanga mjini, zikakaa huko miaka miwili zikisubiri mlima.

Mlima ukaja kwa njia ya shemeji. Mume wa dada yangu anaishi Arusha. Kila asubuhi anapiga mswaki akiutazama Mlima Meru, kwa hiyo anauhesabu kama sehemu ya uwanja wake. Akanipigia simu: "Shemeji, siku nne tu, kwenda na kurudi. Au ninyi watu wa pwani mnaweza minazi peke yake?" Utani kama huo haujibiwi kwa maneno. Nikamwambia milima naijua, Lushoto nimepanda mara nyingi. Sikutaja kwamba nilipanda kwa basi.

Kwenye lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, tulikabidhiwa askari mwenye bunduki, maana kule chini nyati na tembo wanapita njia hiyohiyo. Nikamuuliza kama bunduki ni ya nyati au ya wageni wanaotaka kugeuza. Akaziangalia buti zangu kwa muda, akasema, "Tutajua kesho, mzee."

Siku ya kwanza nilitembea kama bwana harusi. Kila aliyeniambia "pole pole" nilimpita. Jioni tukalala Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, nikiwa bado na pumzi za kusimulia.

Siku ya pili ilikuwa ya ngazi. Njia ya kutoka Miriakamba hadi Saddle Hut imejaa ngazi za mbao, ngazi juu ya ngazi, kama ghorofa ambalo fundi amesahau kuweka vyumba. Wale niliowapita jana walinipita mmoja mmoja, tena kwa salamu. Nilikuwa nimeinama natafuta pumzi niliposikia mguu wangu wa kulia unapiga makofi. Pwa! Pwa! Soli imeachama kama mdomo wa changu kwenye meza ya mnadani. Askari, bila kucheka, akatoa kamba mfukoni akaifunga mara tatu. Sijamaliza kushukuru, soli ya kushoto nayo ikabanduka yote, ikabaki ngazi ya chini ikinitazama. Baadaye nilielezwa kwamba povu lililomo ndani ya soli za aina ile huoza hata kiatu kisipovaliwa, na unyevunyevu huliharakisha. Sasa nionyeshe mahali penye unyevunyevu kuliko chini ya kitanda cha Tanga.

Nikaingia Saddle Hut, mita 3,570, soli moja ikiwa mguuni na nyingine mkononi.

Usiku mlima ukaongeza lake. Nilikuwa na pakiti ya krispi niliyoinunua mjini. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, ile iliyofungiwa ndani ikatanuka, pakiti ikafura kama bunju aliyekasirishwa. Nikaificha chini ya mto, nisije kuombwa. Usingizini nikageuka, nikailalia. Pa! Kibanda kizima kiliruka. Mtu mmoja akauliza nyati yuko wapi. Shemeji alikuwa chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nimeketi na krispi tele kwenye nywele, na hapo ndipo uchoyo wangu ulipofahamika.

Saa saba usiku tukaamshwa twende kileleni. Nikasema kwa sauti ya huzuni, ambayo moyoni ilikuwa furaha tupu, kwamba ningependa sana lakini sina viatu. Kijana aliyenibebea mzigo, mgumu mmoja mpole, akavua raba zake papo hapo. "Vaa, mzee wangu. Mimi nakusubiri hapa na yeboyebo." Kulikuwa na baridi ya kukausha machozi, na zilinibana namba nzima, lakini ungeanzaje kuzikataa?

Juu ya Rhino Point njia inapita kwenye ukingo wa kreta, majivu upande mmoja na giza upande wa pili. Nilikwenda hatua mbili, pumziko moja. Karibu na kilele, kila ukivuta pumzi unapata oksijeni isiyofika theluthi mbili ya ile ya Tanga, na nyumbani sikuwahi kujua nakula kiasi gani. Glovu zangu zililowa, shemeji akanipa zake za akiba. Tochi ikazimika, askari akanimulikia. "Pole pole" nikawa naisema mimi mwenyewe, tena bila kuombwa.

Kulipopambazuka tukafika, mita 4,566. Mashariki, Kilimanjaro ilikuwa imeketi juu ya mawingu na jua likichomoza kando yake. Nikatoa simu nipige picha. Baridi ilikuwa imeshamaliza chaji. Shemeji akanipiga kwa yake.

Picha hiyo ninayo sebuleni. Wageni wanaisifu sana, nami siwaambii kwamba raba ni za kijana wa watu, glovu za shemeji, simu ya shemeji, na mwanga wa kunifikisha pale ulikuwa wa askari. Changu pale ni meno tu. Kilele hicho kinaitwa Socialist Peak, yaani Kilele cha Ujamaa, na sidhani kama kuna aliyewahi kukifikia kwa kulitii jina lake kuliko mimi.

Raba nilizirudisha, pamoja na bei ya pea mpya. Ukienda wewe, zipande ngazi za jirani na buti zako wiki nzima kabla hujaondoka, na krispi uzigawe mapema. Zile buti zangu nilizishusha zote, vipande kwa vipande, maana hifadhini hakutupwi taka. Ziko nyuma ya nyumba, chini ya mchongoma. Nimezizika mimi.