Jibini ya Mkwe

Nimeishi Garsen muda mrefu kiasi cha kuyahesabu mafuriko ya Mto Tana kama vile wengine wahesabuvyo watoto wao, yale ya El Nino ya 1997, yale ya 2018, na haya ya 2023 na 2024 yaliyofuatana kama vifaranga na mama yao. Na kwa kuwa nimeshapanda mtumbwini na godoro kichwani mara zaidi ya moja, nilidhani hapana tena msiba uwezao kufika barazani kwangu ukanifedhehesha mbele ya jirani. Kumbe msiba uliobaki ulikuwa ungali Ufaransa, umelala ndani ya kisanduku cha mbao nyepesi, ukingoja kuiva.

Mpwa wangu, kijana wa hapa hapa aliyejifunza kuogelea kwa kuwakimbia mamba, amekwenda kuoa Bretagne, mkoa ulio magharibi kabisa ya Ufaransa, ambako nchi huchongoka ikaingia baharini. Na mwaka juzi, baada ya mimi kustaafu ualimu, alinitumia tikiti nikapumzike nao Julai na Agosti. Sharti nieleze kwamba likizo kwa Mfaransa si jambo la mzaha. Tangu sheria ya 1936 iliyowapa wafanyakazi wiki 2 za mapumziko yenye mshahara, ambazo kufikia 1982 zilikuwa zimetimia 5, watu wale huihifadhi Agosti kwa taadhima kubwa, duka hufungwa, fundi hatafutwi, na mtu aliyebaki kazini hutazamwa kwa huruma kama mgonjwa. Mimi, niliyepata kukaa miaka thelathini na mitano katika kazi ambayo likizo yake ilikuwa ni kusahihisha mitihani, niliwaona kuwa ni watu wenye akili.

Fedheha ya kwanza ilinikuta mlangoni. Kwetu mkwe hupishwa njia, hutazamwa kwa pembe ya jicho, na akiwa ni mwanamke, hata kikombe chake cha chai hukipokei moja kwa moja mkononi mwake ikiwa kuna mtoto wa kukipitishia. Sasa mamamkwe wa mpwa wangu, bibi mnene mwenye bashasha, alitoka nje akanijia shavu likiwa mbele, kwani desturi yao ni kusalimiana kwa busu la shavuni. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akasonga moja. Nikarudi ya pili, akasonga ya pili. Na hivyo tukaendelea kwa heshima kamili ya pande zote mbili mpaka nikaketi katikati ya kichaka cha maua ya buluu alichokitunza kwa miaka mingi. Mpwa wangu aliponiinua alininong'oneza, "Mjomba, ni salamu tu, usimkimbie, ataona umemchukia." Baadaye nilifahamishwa kwamba hata wao wenyewe hukosana katika jambo hilo, maana iko mikoa ya busu moja, iko ya mawili, ya matatu, na hata ya manne, na mtu akisafiri hapana budi aulize hesabu kabla hajateremka garini.

Chakula chao, walakini, kilinipokea vizuri kuliko nilivyotazamia. Bretagne hula mikate myembamba ya unga wa nafaka nyeusi, imepikwa juu ya chuma kipana cha mviringo, nami nilipoiona nilicheka peke yangu, kwa sababu ni chapati za maji zilizokosa sukari, isipokuwa kwamba mpishi wao huzikunja pembe nne kama bahasha na kutia ndani yai, jibini na paja la nguruwe. Huyo wa mwisho nilikuwa nikimwomba radhi kila siku kwa sentensi pekee ya Kifaransa niliyoihifadhi sawasawa. Hatari ilikuwa katika kinywaji. Waliniletea kikombe cha udongo, kina mkono kama cha chai, kimejaa kitu cha rangi ya chai. Nami nikabusu mdomo wa kikombe nikiomba bismillahi, mpwa wangu akanirukia toka upande wa pili wa meza kama mlinda lango. Lilikuwa ni tofaa lililochacha. Mpaka leo sielewi ni kwa nini watu wenye bilauri nyingi hivyo waamue kutia ulevi katika kikombe cha chai, kama si kuwatega wageni wa pwani.

Tarehe 14 Julai, siku yao kuu, kijiji kizima kilikusanyika jioni uwanjani, wazima moto wakapiga ngoma, fataki zikapasuka juu ya paa la kanisa, kisha wakasimama kuimba wimbo wao wa taifa. Wimbo huo ulitungwa 1792, vita vilipokuwa vimepamba moto, na hata asiyejua lugha hutambua kwamba anaitwa aende akapigane na mtu. Walipomaliza wakanigeukia mimi, mgeni pekee, wakataka wangu. Nikasimama, nikaanza, na ilipofika kwenye sauti za katikati nikakumbuka, kwa kuchelewa, kwamba sauti hizo, kabla ya ile tume ya watu 5 kuzitengeneza mwaka 1963, zilikuwa ni bembelezo la mama wa Kipokomo, la kumlaza mtoto, kutoka kingo za mto wangu mwenyewe. Bibi mmoja aliyekuwa amempakata mjukuu aliyelia tangu fataki ya kwanza alinyanyua kidole, akanionyesha: mtoto amelala fofofo. Walinipigia makofi kwa ncha za vidole, wasimwamshe. Sijapata kulihudumia taifa langu vizuri kuliko usiku ule.

Basi siku ya kuagana mkwe alinishika mkono, akanipa zawadi ya kuwapelekea watu wa Garsen. Yeye si wa Bretagne kwa asili, ni wa Normandie, mkoa jirani, na huwahurumia waziwazi wenyeji wa Bretagne kwa kuwa na siagi nyingi bila ya kuwa na jibini ya kutajika. Kwa hiyo alichonipa kilikuwa Camembert, jibini ambayo huko kwao husimuliwa kwamba ilianzishwa na mwanamke wa shamba, Marie Harel, mwaka 1791. Ilikuwa duara, nyeupe, na ukungu mfupi juu yake kama manyoya ya kifaranga, uzito wake gramu 250, katika kisanduku cha mbao kinachotosha kofia ya mtoto. Alinieleza, mpwa wangu akitafsiri, kwamba kitu hiki ki hai, kwamba kitaendelea kuiva njiani, na kwamba nikibonyeze kwa kidole gumba kila siku nijue kimefika wapi. Nikamshukuru. Kubonyeza sikuhitaji, kilijitangaza chenyewe.

Katika ndege kilinyamaza. Mombasa kilikohoa. Basi lilipotoka Malindi, jua likiwa limekwisha kupanda na mbele yetu pana kilomita zaidi ya mia moja za bara na miiba, kikaanza kunena kwa lugha ambayo abiria wote waliifahamu bila mkalimani. Aliyekuwa mbele yangu alivua viatu vyake akavinusa, akavivaa tena kwa kujitetea. Mtoto akaulizwa, akalia. Utingo alipita katikati ya viti, kanga ya abiria mmoja ikiwa puani mwake, akiuliza kwa sauti ni nani aliyepakia maiti bila ya kulipia. Na macho ya basi zima yakamwelekea mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kikapu cha ng'onda anakipeleka Minjila.

"Ng'onda wangu namjua," akasema mama yule, akainuka. "Nimemwanika mwenyewe, nimemtia chumvi mwenyewe. Huyu anayenuka hakupata chumvi wala jua. Huyu alifia kivulini."

Hapo ndipo ilinipasa kusimama na kusema haki, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kukosa kusema kweli. Badala yake nilitazama nje dirishani kwa makini makubwa, kama mtu anayehesabu mikoma. Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akafungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa, akatukaza macho kwa masikitiko, akasema, "Endeni. Endeni tu." Kwa miaka yote niliyosafiri njia ile sijaona gari likipita hapo upesi namna hiyo, na dereva, mtu wa shukrani, aliuliza kama mzigo ule husafiri kila wiki.

Dada yangu alikipokea kisanduku kwa koleo. Alipoambiwa ni chakula alisema chakula kilichokufa huzikwa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwa Mfaransa, nikatangaza karamu ya jioni barazani, na mambo yafuatane kwa taratibu ya huko, kila kitu kwa zamu yake, mkate wa bofulo, kisha kambare, kisha jibini, kisha maembe ya Ngao, wala si kurundika vyote katika sinia moja. Wakaja wanne: jirani yangu mvuvi, mzee wa msikitini, kijana wangu mmoja wa darasa la zamani, na bibi wa Kiorma anayetuuzia maziwa, ambaye nilimwalika maksudi, kwani jambo la maziwa nani angelihukumu kama si yeye? Ng'ombe wao, nyakati za kiangazi, hushuka kwa maelfu kuja kunywa na kula majani ya delta, na maziwa yao huletwa mjini asubuhi katika vibuyu vilivyofukizwa kwa moshi, yana harufu ambayo mgeni hukunja uso na mwenyeji hawezi kunywa chai bila ya kuwa nayo.

Nikafunua. Duara halikuwapo tena. Palikuwa na ngozi, na ndani ya ngozi uji wa rangi ya dhahabu uliokuwa ukitafuta njia ya kutokea. Kijana akakumbuka kwamba ana wito. Bibi yule hakusogea. Alikivuta kisanduku karibu, akainamisha uso, akanusa mara moja kwa pua ya kulia na mara moja kwa ya kushoto, akakandamiza ngozi kwa kidole gumba, vile vile hasa kama alivyofanya mkwe.

"Mwalimu, ng'ombe wake wana rangi gani?"

Nikampa simu yangu atazame picha. Ng'ombe wa Normandie ni wa madoa, na aghalabu kila jicho lina duara jeusi au la kahawia kulizunguka.

"Wallahi, wamevaa miwani!" akasema, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Lakini wanakula majani mazuri. Haya maziwa hayakuharibika. Yamelazwa. Aliyeyalaza anajua kazi." Kisha akanyosha mkono achukue, akasita. "Yamegandishwa kwa nini?"

Na mimi, mwalimu kwa maisha yangu yote, ambaye kujua jambo na kunyamaza ni vitu viwili visivyopatana kifuani mwangu, nikajibu kwa fahari kwamba hugandishwa kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama.

Mzee wa msikitini akarudisha mkono wake chini ya kanzu. "Ndama aliyechinjwa na nani?"

Masheikh wamehitilafiana katika mas'ala haya tangu zamani, na dalili zipo kila upande, wala sikuwa na uwezo wa kuzitoa zote huku kitu chenyewe kikitambaa kuelekea kwenye kikombe cha mzee. Nilimkumbuka mkwe, na maua yake. Nikakumbuka vilevile ni vipande vingapi vya aina hiyo nilivyokula kule bila ya kumwuliza mtu swali. Barazani pakawa kimya. Bibi wa Kiorma akafuta kidole chake polepole kwenye jani la mgomba, kwa majuto niliyoyaona dhahiri, akasema yeye atangoja jibu la mzee, na mzee akasema atangoja mpaka Ijumaa.

Mvuvi ndiye aliyetuokoa. Yeye hakuwa ameshughulishwa na fiqhi hata kidogo. Muda wote alikuwa akikitazama kisanduku kwa jicho la kazi. "Mwalimu," akasema, "kama hamkitaki, nipeni. Kambare hanusi vibaya wala vizuri. Kambare ananusa mbali."

Akaondoka nacho usiku ule ule, akavisha ndoana zake kwa vipande vya ile ngozi na kuifunga kwa uzi, kwa kuwa uji haushiki. Na alfajiri akarudi na kambare wawili, wa kwanza wa kawaida, wa pili akiburuta mkia chini huku yeye amemshika kichwa usawa wa kiuno. Tukawapika kwa nazi, wali mpunga wa huku huku, mzee akala, bibi wa Kiorma, ambaye kwa samaki si mtu wa shauku, akaonja mchuzi akaomba tena, na dada yangu akasema kwamba kumbe Wafaransa wana chambo kizuri.

Jioni mpwa wangu akapiga simu. Mkwe alikuwa pembeni yake, nikimsikia akipumua. Akataka kujua watu wa Garsen wameionaje jibini. Nami, kwa dhamiri safi kuliko ile ya ndani ya basi, nikajibu kwamba haikusalia hata chembe, kwamba ilileta watu pamoja, na kwamba mzee wa msikitini alilamba vidole. Huko Bretagne pakapigwa kelele za furaha.

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe. Mkwe amekata tikiti, atakuja Agosti, atakaa wiki zake zote 5, na mkononi ataleta jibini 6, ili safari hii isitoke haba. Ana swali moja tu, asije akakosea akiwa mlangoni: Garsen ni busu ngapi?

Sijamjibu bado. Dada yangu ameanza kupanda maua mbele ya baraza.