Rehani ya Minazi: Barua kwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na taadhima nyingi kutoka Msambweni, ambako kusi lavuma na ngalawa zimepandishwa mchangani, nakuarifu kwamba mfumo wa kugharimia vyuo vikuu uliozinduliwa Mei 2023 tumeupokea kama mtu ampokeaye jamaa aliyepotea siku nyingi. Kwani ingawa mmeuvika hesabu na kompyuta, wajihi wake tuliujua tangu enzi za babu zetu, waliokuwa wakiweka minazi rehani.

Rehani, iwapo hukubahatika kuiona, ilikuwa hivi: mwenye shamba aliyebanwa na mazishi au harusi alichukua fedha kwa tajiri, na maadamu deni halijalipwa, mkwezi wa tajiri ndiye apandaye na nazi ni za tajiri, naye mwenye mti, ulio wake kwa jina tu, akaketi kivulini akitafuta senti za kununua nazi ya mchuzi. Nanyi mmempiku tajiri huyo, maana yeye angalau alingoja mnazi uzae, hali nyinyi, chombo chenu kikishaupima ufukara wa mzazi na kumtia mwana katika moja ya madaraja 5, mwampa fungu la msaada na fungu la mkopo, na kwa mkopo huo mwaweka rehani kichwa ambacho hakijafika hata kidaka, seuze dafu. Karl Marx, aliyeeleza kwamba kibarua hana cha kuuza ila nguvu zake za kazi, hakuwaza, masikini, kwamba kibarua atakopa ili azipike mwenyewe nguvu hizo, na tajiri azikute zimeiva bila kuchangia hata ukuni.

Si jambo la jana. Ada iliingia katika vyuo vikuu vyetu vya umma 1991. 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo sambamba kwa wajilipiao. Mambo kama hayo ya Chuo Kikuu cha Makerere, Mahmood Mamdani aliyatolea kitabu 2007.

Juzi, chini ya mkungu, kijana wa jirani yangu alikuwa akijaza maombi ya msaada na mkopo huo kwenye simu, babake akishona nyavu kando yake.

"Baba, kipato cha mwezi ni kiasi gani?"

"Mwezi gani, mwanangu? Wa kaskazi au wa kusi?"

"Hapa pana nafasi ya namba moja tu."

Mzee aliuma uzi, akaukata, akaanza tundu jingine.

Mahakama Kuu ilitamka Desemba 2024 kwamba mfumo huo wakhalifu Katiba, na Desemba hiyohiyo ndipo ulipokoma uchimbaji wa titani hapa kwetu Kwale, baada ya miaka 11 ya mchanga wetu kupakiwa merikebuni Likoni. Nikadhani, kwa ujinga wangu, kwamba uchimbaji wa aina zote umekwisha.

Basi naomba, kwa insafu yenu, mtuletee mkwezi wenu mapema tumjue, na mtuagizie rangi ya kuwatia wahitimu alama, wasichanganyike na wasiodaiwa. Na lile swali la mzee mlijibu kabla ya kaskazi, kwani ile nafasi ya namba moja ingali wazi.

Wako mtiifu,
Mwana wa Msambweni