Itifaki Imezingatiwa

Naomba kuwapongeza wakazi wa Dull, kijiji cha Scotland ambacho jina lake, kwa Kiingereza, ni sawa na kusema "hakuna la maana huku". Mwaka 2012 walifunga udugu na mji wa Boring, Oregon, Marekani, wenye jina la uchovu uleule, ingawa Boring alikuwa mtu tu, askari wa zamani aliyehamia huko. Baadaye wilaya ya Bland, Australia, ikajiunga. Bunge la Oregon liliwatengea Dull na Boring hata siku yao, Agosti 9.

Ustaarabu ulioje! Msafiri anaonywa kwa kibao kabla hajaingia. Kwetu mgeni rasmi hahitaji kibao. Husema "nitakuwa mfupi", kisha kwa ukarimu wake hutusomea hotuba yote, na ukurasa uliojirudia anausoma tena, asije akaonekana mbaguzi. Watoto wa halaiki nao wanafaidi jua (vitamini ya bure hiyo). Dull, kijiji cha barabara moja, kitatuweza wapi? Ajabu hawajatualika kujiunga. Au mjumbe wao alishafika na barua mkononi, ila sisi bado tunatambua uwepo wa meza kuu.